Kitambaa ni nguo, fungua uone mwili

Hii ndiyo hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa mafundi wa viti na wenye viti vyao. Wengi mlikwama Jogoo Road sababu ya ile mvua mkaniomba niiandike yote, haya basi. Picha tulizokuwa tunaonyesha ukutani nimeziacha, mtajaza wenyewe kichwani.

Habari zenu nyote. Wa kule nyuma mnanipata? Haya.

Kabla ya chochote naomba muangalie hii kiti iko hapa mbele, hii ya kijani. Imeletwa jana jioni na mkokoteni, mwenyewe ameniambia ilikuwa ya marehemu babake na imekaa kwa veranda miaka sijui mingapi. Veleti imeng'aa pale kiwiko kinapokaa mpaka imekuwa kipara, mkono wa kushoto umepasuka na sponji inachungulia, ya manjano, ukiigusa inabaki kwa kidole kama unga wa mandazi. Sasa niwaulize. Nani hapa angelipa elfu mbili aende nayo leo? Hakuna? Na nani angeitupa? Ehee, sasa mikono naiona. Asanteni kwa kusema ukweli.

Mimi mwenyewe sijaifungua. Nimeiacha makusudi, tutarudi kwake.

Nilifundishwa hii kazi na mjomba wangu pale soko la Gikomba, Nairobi, upande wa mbao, kabla sijapata kibanda changu Ngong Road, na siku ya kwanza hakunipa nyundo, alinipa kiti kibovu akaniambia nikae chini niking'oe misumari mmoja mmoja, na kila msumari niuweke kwa kopo. Nilidhani ni adhabu. Jioni akaja akaniuliza, umeona nini? Nikamwambia nimeona kitambaa kimechakaa. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kitambaa ni nguo tu, mtu akija na shati limeraruka utamwambia daktari huyu ni wa kuzikwa? Fungua uone mwili.

Fungua uone mwili. Hayo ndiyo nimekuja kusema leo, na kama una haraka ya matatu unaweza kwenda sasa hivi.

Kuna dada alinipigia simu, alikuwa amenunua viti viwili huko Kileleshwa, kwa mzungu aliyekuwa anahama anarudi kwao, mnajua zile seli za kuhama, watu wanauza mpaka pasi na maua. Akataka nivipake rangi nyeusi na niweke reksini ya kung'aa, iendane na kapeti. Mteja ni mteja. Lakini nikasema wacha nigeuze kimoja kichwa chini kwanza. Chini ya fremu kulikuwa na kibati cha duara, kidogo hivi, kimejaa uchafu, nikakisugua na mate na kipande cha gunia na hapo pakasoma France & Søn, na neno Denmark. Hiyo kampuni ilikuwa ya Mwingereza mmoja, France ni jina lake, aliyekuwa akifanya kazi Denmark, na miaka ya 1950 na 1960 walitengeneza viti vilivyochorwa na watu kama Finn Juhl na Grete Jalk, kwa mti wa msaji, wakavisafirisha vikiwa vimefunguliwa vipande vipande ili vichukue nafasi ndogo, halafu huko vinakoenda vinakazwa na skrubu. Yaani kiti kilizaliwa kikijua kufunguliwa! Nikamwambia dada, hiyo rangi nyeusi peleka kwa geti yako. Alinuna. Siku tatu hapokei simu. Baadaye akaja na kakake, tukasugua mbao na msasa laini, tukapaka mafuta tu, ule msaji ukatoka rangi ya asali, na matakia tukayashona upya kwa kitambaa cha sufu. Saa hii ukienda kwake hukalii, unaambiwa ukae kwa sofa.

Kwa hivyo geuza kiti kichwa chini, wenzangu. Angalia muhuri, kibati, karatasi iliyobanduka nusu, namba iliyochomwa kwa mbao. Na ukipata usisugue na msasa, usipake vanishi juu yake, usibandue umpelekee mwenye kiti kwa bahasha kama kumbukumbu ya arusi. Iache hapo hapo.

Sasa nije kwa makosa yangu, maana naona wengine mnaniangalia kama malaika.

Nililetewa kiti kikubwa cha masikio, kile cha mgongo mrefu na mbawa pande mbili. Cha kizamani kabisa. Nikakifungua na ndani nikakuta mikanda ya gunia chini, juu yake springi za kusimama zimefungwa na kamba pande nane, juu ya springi gunia, juu ya gunia singa za farasi zimeshindiliwa na kushonwa mpaka ukingo umekuwa mgumu kama mkate wa boflo, halafu pamba, halafu kitambaa. Mimi nikaona uchafu. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimetoka tu kununua ile sponji wanaita haidensiti, najiona wa kisasa, nikang'oa zile singa zote nikazitupa jaani nikaweka sponji inchi nne. Kikawa kizuri, aki kilipendeza, nikapiga picha nikaweka statasi.

Mwenye kiti alikuwa shosho wa miaka themanini na kitu. Akakaa. Akanyamaza. Akasogea kidogo hivi, akasogea tena. Halafu akamgeukia mwanawe akasema, hiki si kiti changu, hii ni benchi ya kanisa.

Nilirudi jaani usiku na tochi. Walikuwa wameshachoma.

Mnaona shida ilikuwa wapi? Singa za farasi zimepindapinda, ukikaa zinabonyea, ukiamka zinarudi, na hewa inapita katikati, hutoki jasho. Ukizitoa, zikachambuliwa kwa mkono na kuoshwa na kuanikwa, zinarudi kazini tena kama hakuna kilichotokea. Sponji hii yetu ni kitu cha juzi, polyurethane ilivumbuliwa Ujerumani na Otto Bayer mwaka 1937, na kwa viti iliingia baadaye. Simaanishi sponji ni mbaya, mimi naitumia kila siku, lakini kama kiti kilichorwa kikae juu ya springi na singa, ukiweka tofali la sponji umebadilisha kimo chake, umebadilisha mahali magoti yanapokunjika, umebadilisha kila kitu ambacho dizaina alipima. Na hata nazi, makumbi yale ya Pwani, nyuzi zake zilijaza viti vingi humu nchini na bado ziko sawa ukizifungua leo.

Na hapo kwa sponji wacha nikae kidogo kwa sababu watu wanaibiwa. Densiti ni nini? Densiti ni uzito. Mita moja ya ujazo ya hiyo sponji ina kilo ngapi, basi. Ugumu ni kitu kingine kabisa. Unaweza kupata sponji nzito na laini, na unaweza kupata sponji nyepesi na ngumu, na hiyo ya pili ndiyo wengi wanauziwa, wanaibonyeza dukani na kidole wanasema eeh hii ni ngumu hii ni haidensiti, baada ya miezi michache imelala kama chapati. Mimi kwa pahali pa kukalia siendi chini ya kilo 35. Mgongo unaweza kushuka, mgongo haubebi mtu. Uliza kilo. Usiulize ngumu, uliza kilo, na wakikosa kukujibu enda duka la pili.

Wale mliofanya kazi Gikomba mnajua mikanda yetu. Tunakata tyubu ya lori vipande virefu, tunavuta tunapiga misumari, kiti kinadunda vizuri. Kuna mtu huwa anaona aibu kusema hivyo mbele ya wateja. Usione aibu! Mnajua Italia walifanya nini? Pirelli, hao hao wa matairi, walimwita msanifu Marco Zanuso mwishoni mwa miaka ya 1940 wakamwambia angalia kama hii raba yetu inaweza kuingia kwa viti, na mwaka 1951 akatoa kiti kinaitwa Lady, sponji ya raba juu na mikanda ya raba chini, na kikashinda medali ya dhahabu pale Milano. Raba ya watu wa matairi! Tofauti ni kwamba raba inazeeka, inakauka, inapasuka, iwe ya Milano iwe ya Gikomba. Kwa hivyo ukikuta kiti cha miaka ya hamsini kimebonyea katikati usiseme kimekufa. Mara nyingi ni mikanda tu, kazi ya asubuhi moja.

Naja kwa jambo linalonikera, na hapa nitasema polepole.

Gundi.

Mafundi wenzangu, gundi! Tunamwaga gundi kama uji. Unafungua kiti ulichotengeneza mwenyewe miaka mitatu iliyopita na huwezi, sponji imeshikana na mbao, kitambaa kimeshikana na sponji, ukivuta kinatoka na nyama yake. Kwani tulikuwa tunamficha nani? Hata wakubwa waliteleza hapo. Kile kiti cha Charles na Ray Eames, wale madizaina wa Marekani, mume na mke, kilichotoka 1956, kile cha mbao za kupinda na ngozi nyeusi ambacho kopi zake zimejaa kila ofisi ya bosi Nairobi. Matakia yake yanatoka na kurudi, ukichoka na ngozi unatoa takia unaweka lingine, akili sana. Lakini mgongo wake unashikiliwa na vipande vya raba vilivyobandikwa kwa gundi kwenye mbao, na raba ikizeeka siku moja mzee anaegemea anasoma gazeti na mgongo unang'oka. Kiti kile kile, mkono mmoja ulifikiria fundi wa kesho, mkono mwingine haukumfikiria.

Wazee wa Lamu walilijua hili zamani. Kiti cha enzi, mliotembea makumbusho mmekiona, mgongo na kikalio ni kamba zimesukwa ndani ya fremu ya mbao. Kamba ikikatika unasuka nyingine. Fremu inarithiwa.

Sasa niwape hadithi moja. Nilifungua kiti kimoja cha mvule, nadhani kilitoka kwa ofisi fulani ya zamani, na ndani ya mbao ya chini, pale macho hayafiki, kulikuwa na maandishi ya penseli. Mwaka 1974. Springi tisa. Halafu jina la fundi ambalo sitalitaja, na chini yake ameandika, mguu wa nyuma kulia ulivunjika, nimeweka kigingi, angalia. Angalia! Ananiambia mimi. Hanijui, sikuwa nimezaliwa, lakini alijua kuna mtu atafungua. Nikaenda kwa ule mguu, kweli kigingi kipo na bado kimeshika. Na kwenye kona ya fremu nikaokota senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, ninayo mpaka leo kwa funguo zangu, hii hapa.

Tangu siku hiyo kila kiti kinachotoka kwangu kina penseli ndani. Mwaka, sponji kilo ngapi, kitambaa mita ngapi, nilichobadilisha, nilichoshindwa. Ndiyo, hata nilichoshindwa. Na gundi naweka pale tu sponji inapokutana na sponji, kwa mbao natumia pini za stepla au misumari, kitu ambacho mtu anaweza kung'oa.

Naona mkono. Pesa? Mama unauliza kama inalipa. Swali zuri na sitakudanganya, kuna siku hailipi. Kiti kikubwa cha mikono kinakula mita tano hivi za kitambaa, sita kama kuna maua ya kulinganisha, ongeza sponji, ongeza siku zangu tatu nne, unaweza kupata kiti kipya barabarani kwa hiyo bei. Lakini hicho kipya ni cha mbao gani? Tangu serikali isimamishe kukata miti Februari 2018 mbao zilipanda bei, na hata baada ya amri kulegezwa 2023 wengi bado wananunua saipresi mbichi, haijakauka, inapigwa misumari leo na mwezi ujao imejipinda kiti kinalia nyiii kila ukikaa. Kile cha babako ni mvule au Meru oak iliyokauka miaka hamsini. Usitupe mbachao kwa msala upitao, wahenga hawakuwa wanaongea kuhusu sofa lakini wangeweza.

Tena sikilizeni kilichotokea Chandigarh, India. Mji ulipojengwa miaka ya 1950, Pierre Jeanneret, binamu yake Le Corbusier, yule msanifu majengo maarufu, alisimamia fanicha za ofisi na vyuo huko, viti vya msaji, miguu imekaa kama herufi V iliyopinduliwa, vingine vya kusukwa na vingine vya matakia. Makarani wakavikalia miaka na miaka. Vikachakaa vikarundikwa juu ya paa na nyuma ya majengo, mvua inanyesha, vingine vikauzwa mnadani kwa bei ya kuni. Wauzaji kutoka Ulaya wakaja, wakavinunua kwa mafungu, wakavitengeneza, wakaviuza kwa maelfu ya dola kimoja. Mwaka 2011 serikali ya India ndiyo ikaamka ikapiga marufuku kuviuza nje. Sasa zunguka nyuma ya ofisi yoyote ya zamani hapa mjini, angalia ile rundo la viti miguu juu chini ya mabati. Sisemi ni Jeanneret. Nasema, umegeuza hata kimoja?

Na kuna visivyofaa, tuelewane. Kama fremu ni mbao za vumbi zilizoshindiliwa na zimeingia maji, wacha. Kama dumuzi wamekula mpaka ukigonga inasikika kama debe tupu, wacha, au badilisha kipande hicho tu kama kiti kina thamani. Kunguni si sababu ya kutupa, msicheke, kila wiki nauliziwa kimyakimya. Kunguni anakufa kwa joto, si kwa maombi. Vua kitambaa nje ya nyumba, kichome, pitisha mvuke moto kila mshono na kila ufa wa fremu, rudia baada ya wiki mbili, ndipo uingize kiti ndani.

Kitambaa nitapita haraka kwa sababu chai inapoa. Kuna mashine inasugua kitambaa mpaka nyuzi zikatike, wanahesabu, hiyo namba inaitwa Martindale. Elfu 15 ni kiti cha mgeni, elfu 25 kwenda juu ni kiti cha watoto kurukia, elfu 40 ni cha hoteli. Ukiuliza Eastleigh muuzaji atakuangalia kama umemuuliza mshahara, lakini uliza tu, wachache wanajua. Asiyejua, vuta kitambaa mbele ya taa uone mwanga unapita kiasi gani, kisha kisugue na funguo kwa ukingo. Na veleti ina manyoya, yanalala upande mmoja, yaelekee chini kila kipande, mimi nilishawahi kushona mkono mmoja juu na mwingine chini, mchana unaona kiti kimoja cha rangi mbili. Nililipia kitambaa mwenyewe.

Kitambaa cha zamani usikirarue. Kivue kwa utaratibu, ndicho patani yako. Kwanza cha chini, halafu mgongo wa nje, halafu mikono ya nje, ndipo uingie ndani, kwa sababu kilichofungwa mwisho ndicho kinafunguliwa kwanza. Piga picha kila hatua. Andika juu ya kila kipande na chaki, kushoto, kulia, mbele.

Basi maneno yametosha, tufungue hii ya kijani. Nataka fundi mmoja na mtu mmoja ambaye hajawahi kushika nyundo. Wewe kijana wa kofia, na wewe mama uliyeuliza pesa, njoo mama, usiogope. Ilazeni uso chini juu ya hilo gunia. Mnaanza na kipi? Cha chini, vizuri. Polepole, usiivute hiyo pini na meno, ingiza bisibisi chini yake uinue, ndiyo hivyo, kopo hilo hapo. Ona, gunia la zamani, halijawahi kubadilishwa hili. Na mikanda ni ya kusukwa, si tyubu. Mama shika hapo. Wengine pigeni picha, lakini msizibe mwanga.

Ngoja, ngoja. Mwenye simu yenye tochi nzuri amulike hapa, hii mbao ya nyuma, kushoto kidogo. Kuna mtu ameandika kitu.